Usingizi wa Ilunga

Mashudu alizikwa kwao Limpopo, lakini wenzake wa kazini walimfanyia ibada ya kumkumbuka hapa Johannesburg, katika kanisa moja la Kensington lililo karibu na duka langu. Nilifunga duka mapema, nikavaa gauni jeusi, nikakaa benchi la nyuma. Watu wazito wa ofisi yao, ofisi ya taifa inayochunguza ardhi na mawe, walisimama mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema kuna vijiji ambavyo leo vinakunywa maji safi kwa sababu Mashudu alijua mahali pa kutoboa kisima. Mwingine alisema kuna shule ambayo haikujengwa juu ya ardhi mbovu kwa sababu yeye aligoma kutia saini. Hakuna aliyesema uongo. Lakini hakuna aliyeitaja yadi yetu ya Jeppestown, wala jina la Ilunga, nami nilikaa pale nikisikiliza kana kwamba wanasoma kitabu chenye kurasa zilizonyofolewa. Binti mmoja wa ofisi hiyo, aliyekaa kando yangu, akaniuliza kwa adabu nilimfahamu marehemu kutoka wapi. Nikamjibu, "Nilikuwa mdomo wake kwa mwaka mmoja." Akatabasamu tu, maana hakuelewa, nami sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Basi nieleze hapa. Ya kwetu Likasi, Kongo, na njia niliyopita hadi kufika Johannesburg, nayaacha. Mwaka ninaotaka kuusema ulianzia katika chumba. Kilikuwa ndani ya kiwanda cha zamani cha samani, Jeppestown, kiwanda ambacho wenyewe walikifunga kitambo, kikakatwakatwa vyumba kwa plaiwudi na kupangishwa watu kama sisi: Wakongo, Warundi, Watanzania wachache, na familia za hapahapa zilizokosa pa kwenda. Chumba chetu kilikuwa upande wa nyuma kabisa, na tulikigawa kwa pazia la maua mekundu. Upande wa dirishani walilala Nyota na mumewe Ilunga. Upande wa mlangoni nililala mimi. Ukuta wa plaiwudi hauzuii kitu. Nilijua jirani wa kushoto anapogombana na mama mkwe wake kwa simu, nilijua wa kulia anaposali kwa Kifaransa na anapoapa kwa Kirundi. Mchana kulinukia sombe, yaani kisamvu, mafuta ya mawese na nywele zilizochomwa ncha, kwa kuwa mimi na Nyota tulikuwa wasusi, na viti vyetu tulivipanga mbele, kwenye baraza iliyoelekea barabarani, pale wateja walipotuona wakishuka kwenye teksi.

Ilunga alikuwa mlinzi wa usiku kwenye bohari la vipuri vya magari. Alirudi asubuhi sisi tukitoka, akanywa chai, akala bukari iliyobaki, ndio ugali wa kwetu, akavua viatu na kuvipanga sawasawa chini ya kitanda kama mwanajeshi, kisha akalala. Upande wa nyuma ulikuwa mtulivu mchana. Ndiyo sababu alikipenda chumba kile. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mzaha wa kimyakimya. Nyota akilalamika kwamba ameolewa na mtu anayemwona akiwa amefumba macho tu, Ilunga alijibu, "Ndiyo maana bado unanipenda." Nilikuwa nikicheka nyuma ya pazia, naye akisema kwa sauti, "Yaya Zawadi, usicheke ndoa za watu." Mimi nilikuwa mkubwa kwao kwa miaka michache tu, lakini waliniita yaya, dada mkubwa, na nilijiona hivyo.

Siku watu wa Mashudu walipofika, yadi nzima ilikimbia. Tuliona bakkie, pikapu nyeupe ya serikali, ikiingia getini, na watu wenye vizibao vya rangi ya machungwa wakishusha masanduku. Mtu akapaza sauti, "Uhamiaji!" Nyota akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akanivuta mkono: "Yaya, twende!" Lakini mimi nilikuwa nimemwona yule mwanamke mfupi aliyeshuka wa mwisho, ndiye Mashudu. Hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa amechuchumaa, ameweka kiganja juu ya ufa uliokatiza sakafu ya saruji, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nikabaki. Akainua macho, akaniuliza kwa Kiingereza kama ufa ule ulikuwapo mwaka uliopita. Nikamwambia ulikuwapo, lakini haukuwa mpana hivyo. Akaniuliza kwa nini watu wamekimbia. Nikamwambia. Akasimama, akajipangusa mikono, akasema, "Mimi sitafuti makaratasi ya mtu. Nataka kujua mmesimama juu ya nini. Unaweza kuwaambia hivyo kwa lugha yao?"

Ndivyo nilivyopata kazi. Asubuhi nilisuka, na siku walizokuja nilivaa kizibao na kumfuata Mashudu mlango kwa mlango. Yeye aliuliza, mimi nikageuza Kiswahili. Wao wakajibu, mimi nikageuza Kiingereza. Mlango wenu unakwama tangu lini? Mmesikia sauti chini, hasa baada ya mvua? Maji ya bafuni yanakwenda wapi? Mwanzoni walijibu kwa mkato. Niliwasikia nyuma ya migongo yetu, na hilo sikulitafsiri: "Huyu Zawadi amenunuliwa." "Wanatafuta dhahabu, wakiipata watatufukuza." Mzee mmoja Mrundi, fundi viatu, alilisema usoni. Nilipolitafsiri, Mashudu hakukasirika. "Mwambie dhahabu ilishaondoka zamani," alisema. "Walioichukua waliondoka nayo, wakatuachia matundu. Mimi natafuta matundu." Mzee akatutolea stuli mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya taratibu mno. Walikuwa na kifaa kimoja walichokiweka chini, wakasubiri, wakaandika, wakakisogeza hatua chache, wakasubiri tena. Mashudu alinieleza kwamba kinapima mvuto wa ardhi. Penye mwamba mzima ardhi huvuta sana, penye utupu huvuta kidogo. Baadaye ulikuja mtambo wa kutoboa, ukapiga kelele siku nzima, na Ilunga akatoka nje na macho mekundu, shuka begani. Nyota alikuwa akipika. Siku hiyo tulikuwa na viwavi vya kukausha, vilivyotoka kwetu na abiria wa basi, na alivikaanga na nyanya na pilipili. Mashudu alipopita akasimama ghafla, akavuta pumzi. "Hivi ni mashonzha!" alisema, akiviita kwa Kivenda. Nyota akashtuka. "Anakula?" akaniuliza. "Muulize, mtu wa serikali anakula vidudu?" Sikuhitaji kutafsiri. Mashudu alikuwa tayari amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananawa mikono.

Mlo ule naukumbuka kuliko karamu zote nilizowahi kula. Tulikula kwa mkono, sahani moja, bukari katikati. Mashudu alisimulia bibi yake alivyokuwa akivitoa viwavi tumbo kwa vidole, na Nyota akaonyesha namna ya kwetu, wakabishana kwa ishara, kila mmoja akitetea bibi yake. Ilunga alikula tonge chache, kisha akaniambia, "Yaya, muulize kitu. Mimi nalala hapo. Chini yangu kuna nini?" Mashudu akaacha kutafuna. Dereva wake alikuwa amenunua kota kwenye spaza, kiduka cha mtaani; kota ni ule mkate uliochimbwa katikati na kujazwa chipsi. Mashudu akauchukua, akatoa chipsi kwa vidole mpaka ukabaki ganda, akauweka juu ya meza. "Zamani walichimba kuanzia juu, wakifuata mwamba wenye dhahabu," alisema. "Walipomaliza, wengine walijaza shimo takataka na mbao, wakamwaga udongo, wakajenga juu yake. Mbao zinaoza. Maji yanashuka na udongo." Akabonyeza ganda la mkate polepole kwa kidole gumba mpaka likazama. "Bado sijui kama shimo liko chini yako. Nikijua nitakwambia mwenyewe." Ilunga akautazama ule mkate. "Mwambie asante," alisema. "Tangu nifike nchi hii, ni mtu wa kwanza kuniahidi jambo nililomuuliza."

Na alitimiza. Matokeo yalipotoka, kabla ya kuyapeleka kokote, alikuja jioni, Ilunga akiwa anajiandaa kwenda kazini, akamwambia mlangoni, mimi nikiwa katikati yao. Shimo lilikuwa chini ya upande wa nyuma. Lilikuwa refu, limejazwa vibaya, na sehemu ya juu ilikuwa imeanza kuwa tupu. Upande wa mbele ulikuwa juu ya mwamba mzima. Watu wa nyuma walipaswa kuhama kabla ya mvua kubwa. Ilunga akafunga vifungo vya sare yake hadi juu kabisa. "Kuhamia wapi?" akauliza. Nikatafsiri. Mashudu akasema hiyo ndiyo sehemu ambayo si ya ofisi yake. Ofisi yake inaweza kusema ardhi ikoje. Kutoa nyumba ni kazi ya wengine, na hao atawaandikia, atawapigia, atawafuata. Nilipomaliza kutafsiri, Ilunga alimpa mkono. "Atajitahidi," akaniambia, kama vile yeye ndiye anayenifariji.

Alijitahidi. Hilo nalisema mbele ya Mungu, kwa sababu baadaye yalisemwa mengi. Siku moja nilimsikia akiongea kwa simu nyuma ya bakkie, akidhani yuko peke yake. Sauti yake, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda, ilipanda. "Siwaombi utafiti mwingine. Utafiti umekwisha. Nawaombeni mabati na mahali pa kuyasimamisha." Akasikiliza. "Ndiyo, najua hawako kwenye orodha yenu. Ardhi haiangalii orodha." Akakata, akaegemea gari, akafumba macho. Wenye jengo walisema wanasubiri ofisi fulani. Ofisi fulani ilisema inasubiri wenye jengo. Nimeishi sana tangu hapo, nimeona wakubwa wengi, na bado sijui neno la Kiswahili linalotosha kwa subira ya namna ile, subira ya mtu anayesubiri kwa niaba ya mwingine huku yeye mwenyewe yuko pakavu.

Mvua zilipoanza hatukungoja mtu. Mashudu na watu wake walifunga mkanda mwekundu kukata upande wa nyuma, na sisi tulihamia mbele, familia juu ya familia. Chumba cha mzee fundi viatu kikapokea watu wa vyumba vitatu. Mimi, Nyota na Ilunga tukapata kona kwenye ukumbi wa zamani wa kupakia samani, pazia letu la maua tukalitundika kwa kamba. Usiku kulivumilika. Mchana watoto walicheza mpira ukumbini kwa sababu nje kulinyesha. Redio tatu ziliimba nyimbo tatu. Wanawake walitwanga sombe. Ilunga alirudi kutoka kazini akajilaza, akajifunika kichwa kwa koti, akageuka huku, akageuka kule. Akaanza kukonda. Akasinzia kazini, msimamizi akamwonya. Nyota akawagombeza watoto, mama zao wakamgombeza yeye. Nilimsikia Ilunga akimwambia mkewe taratibu, "Waache. Mtoto asicheze, afanye nini? Mimi nitapata tu pa kulala."

Jumamosi ile jua lilitoka baada ya mvua ndefu. Baraza ilijaa wateja, kila mtu alitaka kusukwa kwa ajili ya kanisa. Ilunga alipita akiwa na sare, akamgusa Nyota bega, akasema anakwenda kulala. Sisi tulidhani anakwenda ukumbini. Adhuhuri nilisikia sauti ambayo haikuwa ya mlipuko wala radi; ilikuwa kama lori linalomwaga kokoto, lakini mbali, chini. Baraza ikatikisika. Vumbi likatoka nyuma ya jengo likapanda juu ya paa. Watu wakapiga mayowe wakihesabu watoto, na watoto wote walikuwapo, na kwa muda mfupi tulianza kumshukuru Mungu. Nyota akakimbilia ukumbini. Nilimwona akifunua pazia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na viatu havikuwapo.

Alikuwa amepita chini ya mkanda mwekundu, akarudi chumba chetu cha zamani, kwenye utulivu. Jirani mmoja alikuja kukiri huku akilia kwamba alimwona akipita hivyo siku kadhaa, na Ilunga alimwomba asimwambie mke wake, asije akaingiwa na hofu. Pale palipokuwa na chumba chetu palikuwa na shimo ambalo mwisho wake hatukuuona. Maji yalisikika chini yakitiririka.

Waokoaji walikuja na kamba na taa. Mashudu alifika mchana uleule, nywele hazijachanwa, amevaa viatu vya nyumbani. Yeye na watu wake walikaa na vifaa vyao mpaka siku ya pili, wakipima kingo. Kila mara kipande kingine kiliporomoka. Waokoaji walitaka kushuka. Vijana wa yadi walitaka kushuka hata bila kamba. Na aliyepaswa kusema ni yeye, maana ndiye aliyeijua ardhi ile. Alitujia tulipokaa na Nyota, akapiga magoti kwenye tope mbele yake. "Zawadi," aliniambia, "mwambie taratibu." Nikamwambia ndugu yangu kwamba kingo hazishiki, kwamba atakayeshuka hatapanda, kwamba kamera waliyoishusha haikuona chochote ila maji na udongo, na kwamba wamesimamisha kazi ya kumtafuta. Nilikuwa nimetafsiri miezi mingi, lakini siku hiyo maneno yalitoka kwa sauti yangu, kwa lugha ya nyumbani kwetu, na mpaka leo naona kama ni mimi niliyeyatunga. Nyota hakulia. Alimtazama yule mwanamke aliyepiga magoti, akaniuliza, "Alijua hii itatokea?" Nikauliza. Mashudu akajibu neno moja, nami nikaligeuza: "Nilijua." Nyota akatikisa kichwa polepole. "Basi alitwambia," alisema. "Mwambie nakumbuka, alitwambia."

Wiki iliyofuata nyumba zilipatikana. Mabati yaliyokosekana miezi yote yaliletwa na malori, na watu wa yadi wakapelekwa huku na huko, wengi Diepsloot, mbali na viti vyao na wateja wao. Shimo lilijazwa mawe na zege. Nyota aliomba jambo moja tu: aonyeshwe mahali alipo mumewe. Mashudu alitupeleka, akasimama nasi penye uzio, akaelekeza kidole. Nyota akauliza ni kina gani. Akaambiwa kweli, bila kupunguziwa. Tukamwombea Ilunga kwa Kiswahili, na Mashudu akasali kwa Kivenda, hakuna aliyemtafsiria. Kisha Nyota akasema jambo ambalo nalibeba tangu siku ile. "Hakuwa mbishi. Watu watasema alikuwa mbishi. Alitaka kulala tu." Nilipolitafsiri, Mashudu aligeuza uso, akashika waya wa uzio kwa mikono miwili, akalia kwa sauti mbele yetu, mtu wa serikali na beji yake shingoni.

Watu huniuliza kama nilimchukia. Nyota ndiye aliyekuwa na haki ya kumchukia, naye hakuitumia. Nadhani huzuni yetu sote ilikuwa moja: kulikuwa na ofisi iliyofanya kazi yake ya kujua, na nyingine ikaacha kazi yake ya kutenda, na kati ya hizo mbili alilala mtu aliyechoka. Kujua peke yake hakuezeki nyumba. Lakini bila kujua, wangekuwa nyuma siku ile watoto, na mama zao, na familia alizozipokea mzee fundi viatu. Nimeyaweka mambo hayo mawili kifuani kwa miaka yote hii, wala hayajapatana.

Kabla mwaka haujaisha, mvua zikiwa zimekaribia tena, Mashudu alinipigia simu. Vipimo vyake vilionyesha shimo jingine, mitaa michache upande wa mashariki, chini ya gereji ya zamani walimoishi Wakongo na Watanzania. Safari hii mahali pa kuhamia palikuwa tayari. Alikuwa amekataa kuondoka kwenye ofisi za watu mpaka papatikane. Lakini wakazi hawakutaka kumsikia. Niliposhuka kwenye teksi karibu na roboti, taa za barabarani, nilimkuta Nyota amesimama pale, amevaa kitenge cheusi, amefika kutoka Diepsloot tangu asubuhi. Sikuwa nimemwita. Mashudu alisema hakuwa amemwita yeye pia, alimweleza tu kwa simu, kwa Kiingereza chepesi.

Tuligonga mlango wa kwanza. Alitoka mwanamume wa makamo, macho mazito, sare ya ulinzi imefunguliwa vifungo, tumemwamsha. Akasema kwa hasira kwamba yeye hufanya kazi usiku, turudi wakati mwingine. Nilifungua mdomo kuanza maelezo yangu, na Nyota akanigusa mkono.

"Baba, samahani kukuamsha," alimwambia. "Najua umechoka. Mume wangu alikuwa anafanya kazi kama yako. Vaa viatu, tukubebee godoro. Kule utalala."

Yule bwana akamtazama Nyota. Kisha akaingia ndani, na tukamsikia akivuta viatu kutoka chini ya kitanda.